MWALIMU WA MBALI NA AMJUE MWANAFUNZI WAKE

Elimu ya mbali si jambo geni katika nchi yetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walijifunza kwa redio namna ya kujikinga na maradhi. Lakini redio haikuachwa ifundishe peke yake. Watu walikusanyika katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake. Wakasikiliza, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Siku hizi masomo hupita katika mtandao. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, kimewafungulia mlango watu wa kila wilaya. Mkaazi wa Haydom, Dongobesh au Katesh aweza kusomea shahada bila ya kuacha shamba lake wala watoto wake. Hiyo ni neema kubwa.

Lakini twauliza: mwalimu aliyeko Dar es Salaam ajua nini juu ya mwanafunzi huyo zaidi ya namba yake?

Tarehe 3 Desemba, 2023, matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakaangukia Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa, na wengi wakakosa makazi. Mwanafunzi aliyefikwa na msiba ule angewezaje kuleta kazi yake kwa wakati? Katika hesabu za mtambo angeonekana mvivu tu. Mwalimu anayemjua angetanguliza pole, na habari za masomo zingefuata baadaye.

Hatusemi kwamba waalimu hawana huruma. Twajua kwamba mwalimu mmoja huweza kuwa na mamia ya wanafunzi. Hata hivyo, dawa yake haihitaji fedha nyingi. Somo linapoanza, kila mwanafunzi na aeleze anakaa wapi, anafanya kazi gani na mtandao humfikia saa ngapi. Mwalimu anaposahihisha, na amwite kwa jina na kumwonyesha alipokosea. Alama tupu haifundishi. Tena wanafunzi wa Mbulu na wa Hanang na wajiunge katika vikundi, kama walivyofanya wazee wao mwaka 1973, ili kiongozi wa kikundi apeleke habari za mwenzao aliyenyamaza kabla hajapotea kabisa.

Mwanafunzi naye ana wajibu wake. Asione haya kusema kwamba hakuelewa, au kwamba ana shida nyumbani. Kuuliza si ujinga, na mwalimu wa mbali hawezi kuuona uso wake.

Chuo hakipungukiwi kitu kwa kumwuliza mtu, "U hali gani?" Bali yule aliyeulizwa hupata nguvu ya kuendelea.