Kila Maarifa na Chombo Chake: Uchaguzi wa Programu za Kuhariri Ramani Huria

Ramani huria ya mtandaoni ni hifadhidata ya kijiografia ambayo mtu yeyote aliyefungua akaunti anaweza kuiongezea na kuirekebisha, na ambayo hutumiwa bila malipo. Mashuhuri kuliko zote ni OpenStreetMap, iliyoanzishwa nchini Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Kwa kuwa ramani hiyo hutegemea watu wanaojitolea, kila mradi hulazimika kuamua mapema wachangiaji wake wapewe programu gani, na mara nyingi uamuzi huo hufanywa kwa haraka: huchaguliwa programu iliyo rahisi kujifunza, au ile aliyoizoea mwalimu wa mafunzo. Makala haya yanatetea kigezo kingine, kwamba kwanza iangaliwe ni jambo gani mchangiaji analijua kwa hakika kuhusu mahali anapochora. Chombo kisicholingana na maarifa ya mtumiaji humsukuma kuandika asilolijua, na ramani ikishalibeba jambo hilo huliwasilisha kwa uzito uleule wa jambo lililohakikishwa.

Uzito wa uchaguzi huu huonekana katika muundo wa data yenyewe. Kila kitu katika OpenStreetMap hujengwa kwa maumbo matatu: nukta, yaani mahali pamoja penye latitudo na longitudo; njia, yaani nukta kadhaa zinazofuatana, ambazo huweza kuwa barabara, mto au, zikifungwa, jengo; na uhusiano, ambao huunganisha nukta na njia kuwa kitu kimoja kikubwa, kama vile mpaka wa kata au safari nzima ya daladala. Juu ya maumbo hayo hubandikwa lebo, ambazo ni jozi za sifa na thamani yake, zinazoeleza kwamba njia fulani ni barabara ya lami au kwamba nukta fulani ni kisima. Programu zote za kuhariri huandika katika hifadhidata hiyo moja, kwa hiyo kazi iliyoanzwa na mtu kwenye simu huweza kuendelezwa na mwingine kwenye kompyuta, na hata programu ikifa, data hubaki. Potlatch, iliyowahi kutumiwa na wengi ndani ya kivinjari, ilipoteza nafasi yake humo teknolojia ya Flash iliposimamishwa mwishoni mwa mwaka 2020, lakini barabara na majengo yaliyochorwa kwayo yalibaki yalivyokuwa.

Programu inayompokea mchangiaji mpya siku hizi ni iD, ambayo tangu mwaka 2013 hufunguka ndani ya kivinjari bila kuhitaji kusakinishwa. Mtumiaji huona picha ya setilaiti, hubofya pembe za jengo moja baada ya nyingine, kisha akibonyeza herufi Q pembe hizo hunyooshwa zikawa za mraba. Akitaka kueleza jengo ni la nini, huchagua kutoka katika orodha, na programu yenyewe huandika lebo. Inamfaa sana mtu mwenye masahihisho machache kuhusu mtaa anaoufahamu na mwenye intaneti ya kuaminika. Hata hivyo, wepesi wa orodha iliyotayarishwa kwa ajili ya dunia nzima una gharama yake. Nchini Tanzania, duka la dawa muhimu, ambalo utaratibu wake ulianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 kwa lengo la kuwafikishia wananchi wa maeneo ya pembezoni dawa za msingi, si famasia inayosimamiwa na mfamasia. Mchangiaji asiyeikuta aina hiyo katika orodha huweza kuchagua famasia kwa kuwa ndiyo iliyo karibu nayo, na hapo ramani humwahidi mgonjwa huduma ambayo hataikuta.

JOSM, iliyoanza kuandikwa mwaka 2005, husakinishwa kwenye kompyuta na huendeshwa kwa Java. Mtumiaji hupakua data ya eneo zima, huihifadhi katika diski, hufanya kazi hata intaneti inapokatika, kisha hupakia mabadiliko yake baadaye. Kwa kiendelezi cha kuchora majengo, nyumba huchorwa kwa kuvuta upande wake mmoja na kisha upana wake, jambo linaloharakisha mno kazi ya mtu mwenye mamia ya paa mbele yake. JOSM pia humruhusu msimamizi wa mradi kutunga fomu zake za lebo, ambamo duka la dawa muhimu na famasia hupata kila kimoja nafasi yake. Kabla ya kupakia, programu hukagua kazi na kuonyesha majengo yaliyopandiana au barabara zilizokaribiana bila kuungana. Nguvu hizo hudai siku za mafunzo, na huambatana na hatari: amri moja huweza kubadili vitu vingi kwa mpigo, na data iliyokaa kwa muda mrefu kwenye diski hugongana na masahihisho ambayo wengine wameyafanya wakati huohuo.

Kundi la tatu ni programu za simu, ambazo thamani yake ni kwamba mtumiaji amesimama mbele ya kitu chenyewe. StreetComplete, ya simu za Android, humuuliza mpita njia maswali mafupi, kwa mfano barabara hii imetandikwa nini, huku ikimwonyesha picha za lami, changarawe na udongo, naye hujibu bila kuhitaji kujua lebo hata moja. Every Door hulenga maduka, huduma na milango ya majengo, ilhali Vespucci humpa mwenye Android uwezo mpana wa kuhariri hadi maumbo yenyewe. Kuchora nyumba mia kwa kidole juu ya kioo kidogo ni adha, lakini jina la zahanati, au kama kisima bado kinatoa maji, ni mambo ambayo setilaiti haiyaoni.

Mgawanyo huu kati ya yanayoonekana kutoka juu na yanayojulikana na aliyepo mahali ulionekana wazi katika mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 ili kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko, ukiwashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi. Majengo yaliweza kuchorwa kwenye kompyuta kutokana na picha za juu, zikiwemo zilizopigwa na ndege zisizo na rubani. Mitaro ya maji ya mvua ilihitaji watu wa kuifuata kwa miguu, kwa sababu kina chake, upana wake na kama imejengwa kwa saruji au ni mifereji ya udongo tu ndiyo mambo yanayoamua maji yatakwenda wapi, na mengi ya hayo hayasomeki kutoka angani. Hata mipaka ya mashina, yaani vitengo vidogo ndani ya mtaa, haikuwa na alama yoyote katika picha; walioijua ni kiongozi wa mtaa na wakazi wenzake.

Kutokana na hayo, mratibu wa mradi atafanya vyema akigawa programu kwa kufuata majukumu. Anayechora kutoka mbali apewe iD, na akionyesha uthabiti ahamie JOSM, huku akiagizwa kuishia kwenye umbo na kuacha wazi lebo asizoweza kuzithibitisha. Mkazi apewe programu ya simu, au karatasi ya ramani iliyochapishwa endapo hana simu janja. Mhakiki awe na JOSM na awe ameufahamu mkoa unaochorwa, kwani barabara ya vumbi inayoonekana kama njia ya shambani huweza kuwa ndiyo pekee inayounganisha vijiji viwili na inayopitiwa na basi kila asubuhi. Vyovyote itakavyokuwa, hakuna programu inayohalalisha kunakili kutoka katika ramani za kibiashara zenye hakimiliki.

Uamuzi kuhusu programu una athari inayozidi ufundi. Mradi unaofundisha chombo cha kompyuta peke yake huwaachia kalamu wenye kompyuta, na wanaoujua mtaa kwa kuishi ndani yake hubaki wakichorwa na wengine. Kwa hiyo bajeti ya mafunzo, bando na vifaa inapaswa kuanza kwa yule aliye karibu zaidi na ukweli wa mahali, kisha ndipo programu itafutwe ya kumfaa.