Betri ya shimesikio: usibandue stika kabla ya wakati

Kinachowamalizia fedha watumiaji wengi wa shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, si bei ya betri tu, bali namna wanavyozitumia. Betri hizo ndogo hutegemea hewa. Ndani mna zinki. Stika inayofunika vitundu vya betri ikibanduliwa, oksijeni hupenya, ikakutana na zinki, na umeme ukaanza kuzalishwa. Tangu hapo hakuna kuizuia. Ukirudishia stika, ukiiacha mezani bila kazi, itaendelea kwisha. Anayebandua pakiti nzima ili betri zikae tayari anajitia hasara bure.

Ukishabandua, subiri kama dakika tano ndipo uiweke kwenye kifaa. Umeme wake unahitaji muda kidogo kupanda hadi volti 1.4 hivi.

Rangi ya stika huonyesha saizi: njano ni 10, kahawia 312, chungwa 13, buluu 675. Saizi 10 hudumu siku chache, mara nyingi haizidi wiki. 675 yaweza kupita wiki mbili. Kwa hiyo, kabla ya kukipenda kile kifaa kidogo kisichoonekana sikioni, piga hesabu ya betri zake kwa mwaka mzima. Wengi huikumbuka hesabu hiyo wakiwa wameshalipa.

Wapo wanaozihifadhi kwenye friji. Zikitolewa humo hushika unyevunyevu, na unyevu ni adui wa betri na wa kifaa pia. Kabati kavu latosha.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, joto na jasho ni vita ya kila siku. Usiku zima kifaa, toa betri, kisha kiweke ndani ya kopo lenye kifuniko pamoja na vifuko vya punje za kunyonya unyevu, kama vile vinavyokuja na viatu vipya. Betri ibaki nje ya kopo, maana ukavu uliopita kiasi nao huidhoofisha.

Sauti ikififia, usikimbilie kununua betri wala kumlaumu fundi. Tazama nta ya sikio kwanza. Kwa kifaa cha nyuma ya sikio, kile kipande cha sikioni huchomolewa, kikaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kikakauka kabisa. Kifaa chenyewe kisiguswe na maji wala spiriti. Mpira unaounganisha kipande hicho na kifaa ukikakamaa, ubadilishwe.

Betri zilizokwisha zisizagae nyumbani. Mtoto akimeza moja, mpeleke hospitali papo hapo, hata kama anacheza kama kawaida.