Ramani ya Kasapa ya Zamani

Neno moja linavuruga nyumba nyingi za Lubumbashi siku hizi: lisansi. Baba aliyesoma zamani anajua kwamba lisansi ni kilele. Ulifanya miaka 3 ya gradua, ukaongeza 2, ukatetea memwari yako mbele ya maprofesa, ndipo ukaitwa lisansie. Sasa binti yake anarudi nyumbani na kusema amemaliza lisansi kwa miaka 3, kisha anaomba pesa za miaka 2 mingine ya masta. Baba anaona anadanganywa. Mama anakaa katikati. Chakula kinapoa.

Binti hadanganyi. Mfumo wa lisansi, masta na dokta, ambao wanafunzi wanauita LMD, umo katika sheria ya elimu ya Februari 2014, na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya nchi nzima vilitakiwa kuuanza kwa wanafunzi wapya. Lisansi ya sasa ina kredi 180, yaani 60 kila mwaka, 30 kila muhula. Masta ina kredi 120. Kwa hiyo lisansi ya binti imekaa pale ilipokuwa gradua ya baba, na lisansi ya baba iko jirani na masta ya binti. Masomo ya utabibu yana hesabu yake, ndefu zaidi. Alama nazo zimegeuka. Baba alizoea asilimia: 50 umepita, 70 ni distensyo, 80 ni grandi distensyo. Binti analeta karatasi yenye alama juu ya 20, na kando yake kozi ambazo "anadaiwa" ingawa amepanda mwaka. Nimewaona wazazi wakiuliza walipe wapi deni hilo. Si deni la pesa. Ni somo ambalo mwanafunzi hajalipita. Analibeba hadi mwaka unaofuata, na bila kulimaliza hapati shahada.

Kazi yangu ni kukaa na wanafunzi na wazazi wao pale mambo yanapokwama, na kwa miaka yote hii sijakutana na mzazi wa hapa asiyejali. Ninaokutana nao wanajali mpaka wanaumwa. Shida ni kwamba wanamsindikiza mtoto kwa ramani ya chuo ambacho hakipo tena.

Chuo hicho cha zamani kilikuwepo kweli. Kilifungua milango mwaka 1956, mji ukiitwa Elisabethville, kikiwa chuo rasmi cha Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Mwaka 1971 kiliunganishwa na Lovanium ya Kinshasa na chuo cha Kisangani, vyote vikawa UNAZA, chuo kikuu kimoja cha taifa, mpaka 1981 vilipoachana na chetu kikaitwa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Katika miaka hiyo ya UNAZA vitivo viligawiwa kati ya miji mitatu. Aliyetaka fasihi au sayansi ya jamii ilibidi aje Lubumbashi, hata kama kwao ni Kinshasa au Bukavu. Akifika alipewa kitanda, alikula restora ya chuo, alipokea bursi ya serikali. Mzazi alitoa sanduku, shuka na baraka zake.

Kisha vikaanza kukatika, kimoja baada ya kingine: bursi, chakula, usafiri. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi walivamiwa ndani ya mabweni yao ya Lubumbashi, wengine wakauawa, na Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo. Septemba ya mwaka huohuo mgodi wa Kamoto uliporomoka kule Kolwezi. Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ambayo katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, mwaka 1994 haikufikisha 50,000. Mwanahistoria wa UNILU, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikipa kitabu chake cha 2001 jina linaloanza kwa Kiswahili chetu, Bana Shaba, watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba anayetajwa ni kampuni, ile iliyompa mfanyakazi nyumba, unga, shule ya watoto na hospitali. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa Gécamines kwa mkupuo mmoja, na wengi wao walikuwa na watoto waliokaribia umri wa chuo.

Nasimulia haya kwa sababu chuo nacho kilikuwa baba wa namna hiyo. Mwanafunzi alitafutwa na huduma; hakuhitaji kuzitafuta. Leo huduma zilizobaki zimekaa nyuma ya mlango, zinamngoja anayejua kugonga, mwenye karatasi mkononi, kabla tarehe haijapita. Wenzetu walikuta pengo hilohilo wakaliziba kwa namna yao: Kenya iliunda bodi ya mikopo ya wanafunzi mwaka 1995, Tanzania ikapitisha sheria ya bodi yake mwaka 2004, na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna afisa anayeitwa Mshauri wa Wanafunzi, jina ambalo hata mzazi aliyetoka shamba analielewa akilisoma mlangoni. Kwetu bodi ya mikopo ni mama sokoni.

Hapo ndipo minervali, yaani ada ya chuo, inapoingia, na hapa nitakawia.

Mama mmoja anayeuza lengalenga na matembele katika soko la Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, aliniletea karatasi ndani ya sashe ya plastiki. Mwanawe alikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha mjini. Siku ya mtihani jina lake halikuwa kwenye orodha. "Mimi nililipa yote, baba," aliniambia, na akaanza kuzipanga bordero mezani akizinyoosha kwa kiganja, moja baada ya nyingine, jinsi anavyopanga mafungu ya mboga. Bordero ni karatasi nyembamba ya benki. Ina muhuri, jina la mwanafunzi, kitivo, kiasi, na mstari mmoja mdogo ambao watu hawausomi: mwaka wa masomo. Mbili kati ya zile zake zilikuwa za mwaka uliotangulia. Moja tu ndiyo ilikuwa ya mwaka huu, tena ya sehemu ya kwanza.

Mjini tunasema kijana "amekula minervali", na tukisema hivyo tunamwona amekaa baa na marafiki. Wako wa hivyo. Lakini wengi waliopita mbele yangu walikula minervali kwa kodi ya chumba na kwa dawa ya malaria. Huyu alikuwa amelazwa Februari, mvua ikiwa nyingi, na hakuthubutu kumwambia mama yake anayeamka saa 10 usiku kufuata mboga. Akatumia pesa ya chuo akitumaini kuirudisha. Miezi minne alienda darasani kila siku, akaandika kila kitu, akifanya kichwani hesabu isiyotoka.

Angejua mambo mawili, asingefika hapo. La kwanza: ada kwa kawaida hulipwa kwa vipande, na mwenye dharura anaweza kumwandikia barua doyeni wa kitivo au utawala wa chuo kuomba muda, akiambatanisha karatasi ya hospitali. Barua ya Machi inasomwa kwa utulivu. Barua ileile ikiletwa asubuhi ya mtihani inakutana na foleni ya watu 50 wenye kilio kimoja. La pili: mzazi ana njia ya kujua mapema bila kumpeleleza mtoto. Kila awamu ya malipo, aombe kopi ya bordero, asome ule mstari wa mwaka, aitunze nyumbani. Napenda mzazi alipe benki mwenyewe inapowezekana, au waende wote wawili. Hakuna aibu ndani yake. Kijana wa miaka 20 kupewa dola mia kadhaa taslimu mjini, peke yake, huku mwenye nyumba anagonga mlango, huo ni mzigo ambao watu wazima wengi wangeuangusha.

Makazi ni chanzo kingine cha madeni yasiyosemwa. Ukimwambia mtu wa Lubumbashi kwamba mtoto yuko Kasapa, atakuuliza Kasapa gani, maana kampasi ya chuo ina jina moja na gereza kuu la mji. Kwenye kampasi vitanda ni vichache kuliko watu. Asiyepata chumba huingia kwa rafiki na kulala chini kwa siri. Wanafunzi wanamwita makizari. Makizari hana jina kwenye daftari la bweni, kwa hiyo akiibiwa au akifukuzwa usiku hana pa kulalamikia. Mzazi wa Kasumbalesa au Likasi anayefikiri mtoto "amepata kampasi" aulize swali moja: chumba kimeandikwa kwa jina la nani? Kama si la mtoto wake, bora watafute chumba cha kupanga mapema na waandike mkataba, hata wa ukurasa mmoja.

Ndani ya chuo, mlango unaopaswa kujulikana kwanza ni aparitora. Ni ofisi inayoandikisha wanafunzi na kutunza faili zao: diploma ya serikali, vyeti vya miaka miwili ya mwisho ya sekondari, cheti cha kuzaliwa, picha. Faili lenye upungufu linaweza kukaa kimya miaka mitatu, kisha likapiga kelele siku ya kuchukua shahada. Mwanafunzi aende huko mwaka wa kwanza, aulize kama faili lake limekamilika, na arudi kuuliza tena baadaye. Baada ya aparitora anakuja chefu wa promosyo, mwanafunzi aliyechaguliwa na wenzake, ambaye ndiye anajua ratiba imebadilika na silabusi inapatikana wapi. Mzazi akiwa na namba yake ya simu, ana zaidi ya tovuti nzima.

Matokeo yakitangazwa na yakaonekana yana kosa, kuna rufaa. Wanafunzi wanaiita rekuru. Inaandikwa kwa jopo la kitivo, kozi ikitajwa kwa jina, na muda wake ni wa siku chache tu tangu kutangazwa. Rekuru nzuri haizidi nusu ukurasa. Nimesoma za kurasa 4 zinazosimulia umaskini wa familia na hazitaji alama inayobishaniwa. Jopo haliwezi kusahihisha umaskini, lakini alama iliyosahaulika kuandikwa linaweza kuisahihisha.

Kuna jambo ambalo wasichana hawaliandiki kwenye rekuru. Nchi nzima ina jina la uchungu kwa alama zinazodaiwa kwa mwili, na wazazi wamelisikia hata kama hawalitamki mbele ya watoto. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 iliingiza unyanyasaji wa kingono katika kanuni ya adhabu. Ni kosa la jinai, na anayelitenda hawezi kulifanya dogo kwa kuliita mazoea ya chuo. Binti atunze ujumbe wa simu bila kuufuta, aandike tarehe na mahali, amweleze mtu mzima mmoja anayemwamini kabla ya kwenda mbele. Baro ya mawakili ina ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Nawaomba akina baba kitu kimoja: msimuulize kwanza alikuwa amevaa nini. Mabinti wengi hukaa kimya kwa sababu wanalijua swali hilo kabla halijaulizwa.

Kwa maradhi ya mwili, mji una kliniki za chuo na hospitali ya Sendwe. Kwa maradhi ya moyo na akili, watu hukimbilia vyumba vya maombi, na mimi sina ugomvi na maombi. Lakini kijana asiyelala wiki tatu, anayesikia sauti, au anayezungumza juu ya kufa, apelekwe pia kwa madaktari. Kuna Kituo cha Joseph Guislain, cha mabruda wa Charité, kilichopewa jina la daktari Mbelgiji wa karne ya 19 aliyepigania wagonjwa wa akili watendewe kama watu. Kwenda huko hakumaanishi mtoto amekuwa kichaa. Nimewaona wanaorudi darasani muhula unaofuata.

Bursi hazijakufa zote. Programu ya Excellentia ya wakfu wa Denise Nyakeru Tshisekedi inawalenga waliong'ara katika mtihani wa taifa, na BEBUC, iliyoanzishwa na profesa Gerhard Bringmann wa Würzburg, Ujerumani, inawasaidia wanafunzi bora wa vyuo vya Kongo. Ni chache mno kwa nchi kubwa hivi; mzazi asizipangie bajeti. Maktaba ni rahisi kuzifikia. Mbali na ile ya chuo kuna Kituo cha Arrupe cha Majesuiti, na pale Halle de l'Étoile kuna vitabu vya taasisi ya Wafaransa. Umeme ukikatika nyumbani, meza yenye mwanga ni msaada wa kweli.

Nirudi kwa yule mama wa soko la Kenya. Kijana aliandika barua palepale ofisini kwangu, akaambatanisha karatasi ya hospitali, na mama akaahidi kulipa kwa sehemu mbili. Chuo kilimkubalia afanye mitihani katika kipindi cha pili. Mama hakumgombeza. Aliniuliza fardi inauzwa wapi, ile ya kartoni yenye mpira. Alinunua mbili za rangi moja, akamwandikisha kijana mwaka wa masomo juu ya zote kwa kalamu nene, moja ya mtoto, moja ya kwake. Kwa kuwa yeye hasomi vizuri, alimfanya arudie tarakimu kwa sauti mpaka akazishika. Kisha akaiweka ya kwake chini kabisa ya beseni, juu yake akapanga lengalenga, akawahi sokoni kabla ya mvua.