Stashahada yaweza kufika shahada ya uhandisi, ila yataka mpango mapema

KIJANA wa Karatina aliyekosa gredi ya C+ katika KCSE, kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu moja kwa moja, bado aweza kuufikia uhandisi kwa stashahada, mradi awe na C-. Njia i karibu naye: Nyeri National Polytechnic, kisha Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichochipuka kutokana na harambee ya wenyeji na kupata hati ya chuo kikuu kamili mwaka wa 2012.

Kinachowaponza wengi ni dhana kwamba miaka ya stashahada hukatwa yenyewe katika mitano ya shahada. Sivyo. Chuo kinachompokea mwanafunzi ndicho huamua, kikilinganisha masomo yake mada kwa mada, na huenda akaanzia mwaka wa kwanza. Mihtasari ya kozi na ihifadhiwe pamoja na vyeti.

Swali jingine huulizwa kabla ya kulipa karo, wala si baadaye: je, shahada hiyo inatambuliwa na Bodi ya Wahandisi? Isipotambuliwa, usajili wa uhandisi hukwama.

Ambaye mfuko haumruhusu kuendelea, sheria ya 2016 iliunda bodi inayosajili mafundi sanifu.