Alizikwa kwa Ndimi Angali Hai: Mazingatio Kutoka Maisha ya Saida Karoli

Ndugu msomaji, kwa sisi wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria hakuna habari nzito kama ile ya kwamba fulani hakufika. Tangu Mei 21, 1996, ilipozama meli ya MV Bukoba ikitoka Bukoba kuja Mwanza na kuchukua roho za mamia ya watu, familia za pande hizi zimejua maana ya kusimama bandarini zikingoja jina lisomwe. Makaburi ya Igoma ni ushahidi wa msiba huo. Ajabu ni kwamba sisi tulioonja uchungu wa namna hiyo tumekuwa wepesi wa kutangaza vifo vya watu walio hai. Ijumaa hii tunapenda tuyatazame maisha ya mwimbaji mmoja wa mwambao huu, Saida Karoli, aliyezikwa kwa ndimi za watu ilhali bado anavuta pumzi.

Sauti kutoka ng'ambo ya ziwa

Saida ni mzaliwa wa Mkoa wa Kagera, ng'ambo ya magharibi ya ziwa letu. Ngoma aliijua tangu utotoni, na alipoanza kuimba hakukimbilia lugha ya mjini, bali aliimba kwa Kihaya, lugha ya nyumbani kwao. Mwaka 2001 ilitoka albamu yake ya "Chambua Kama Karanga", iliyobeba wimbo "Maria Salome". Wakati ule redio zilikuwa zimejaa nyimbo za vijana wa kizazi kipya wa Dar es Salaam, na wachache walidhani kwamba binti wa kijijini mwenye ngoma na lugha ya kwao angesikilizwa nje ya mkoa wake. Lakini wimbo ulivuka ziwa ukafika Mwanza, ukavuka mipaka ukafika Uganda, Rwanda na Burundi. Wengi walioucheza hawakujua Kihaya hata neno moja.

Hukumu ya muziki na ala zake masheikh wetu wameizungumza kwa urefu, nasi leo hatukusudii kuingia humo. Tunachokitazama ni yale yaliyomfika mja huyu baada ya umaarufu.

Ukimya, kisha uvumi

Baada ya miaka ya kushangiliwa, sauti yake ilififia redioni. Ukimya wa mtu maarufu ni kama nyumba iliyofungwa mlango. Kila apitaye hutunga habari ya yaliyomo ndani. Haukupita muda mrefu ukaenea uvumi, hata nje ya nchi, kwamba Saida Karoli amefariki dunia. Aliyesikia alimwambia mwenzake na mwenzake akamwambia wa tatu, mpaka mwenyewe akalazimika kujitokeza kuthibitisha kwamba yu hai.

Tujiulize, ni madhara gani humpata mtu anayevumishiwa kifo? Nduguye aliye mbali hulia msiba usiokuwapo. Mwenye kazi ya kumpa huitoa kwa mwingine, kwa kuwa maiti haalikwi. Naye mwenyewe kila aendako hutazamwa kama mzuka, na hulazimika kuutetea uhai wake kana kwamba ni kosa. Hii ni dhuluma, japo hakuna aliyemnyooshea mkono.

Mwaka 2016 Diamond Platnumz, akishirikiana na Rayvanny, alitoa wimbo "Salome" uliojengwa juu ya ule wa Saida. Watoto ambao mwaka 2001 walikuwa hawajazaliwa wakauliza mwenye wimbo ni nani, na jina lililokuwa limezikwa likafufuka. Mwaka uliofuata, 2017, Saida mwenyewe alirejea na wimbo alioupa jina "Orugambo", neno la Kihaya lenye maana ya maneno ya watu. Ni wazi kwamba aliyechagua jina hilo aliyajua maneno hayo kwa kuyaonja.

Funzo la Uhud

Jambo hili si geni katika historia yetu. Katika vita vya Uhud, mwaka wa tatu wa Hijra, ulienea uvumi kwamba Mtume (SAW) ameuawa. Baadhi ya Waislamu walivunjika nguvu, wakaweka silaha chini wakiwa hawaoni tena sababu ya kupigana, hadi Ka'ab bin Malik (RA) alipomtambua Mtume na kupaza sauti kwamba yu hai. Ikiwa neno moja lisilo na hakika liliwatikisa watu wa daraja lile, itakuwaje sisi? Ndiyo maana Surat Hujurat, katika aya ya sita, inatuamrisha tuichunguze habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta.

Ziwa letu nalo limetupa somo hilo. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Siku mbili baadaye, wakati matumaini yalikuwa yamekwisha, waokoaji walimtoa fundi wa kivuko hicho ndani ya chombo kilichopinduka, akiwa hai. Fikirini hali ya familia ambayo ingekuwa imekwisha kuambiwa na mpita njia kwamba jambo limekwisha.

Wito kwa familia

Enyi wazazi, leo habari haisubiri meli ya usiku kutoka Bukoba. Imo mkononi mwa mtoto, na kwa kidole kimoja inafika kwa watu mia kabla ya chai kupoa. Tuwazoeshe watoto wetu maswali matatu kabla ya kupeleka habari ya kifo: Nani amesema? Je, wafiwa wenyewe wametangaza? Na je, nikinyamaza kuna atakayedhurika? Mara nyingi jibu la swali la tatu ni hapana, na kunyamaza huko ndiko kunakomhifadhi mtu.

Kifo ni haki, na kila nafsi itakionja kwa wakati wake. Tusimtangulizie mtu kwa ulimi. Wabillahi tawfiq.