Protini ndogo iliyopitwa na hesabu yaonesha namna seli inavyofuta ujumbe wake

Kwa miaka mingi, wataalamu wa jeni za binadamu walifuata kanuni moja: mfuatano usioweza kutoa protini yenye asidi amino 100 walikuwa wanaupita. Walikuwa na sababu, kwani mifuatano mifupi inaweza kutokea kwa bahati tu, bila kazi yoyote.

Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, nchini Marekani, wakiongozwa na mwanakemia Sarah Slavoff, walionesha kwamba kanuni hiyo iliacha vitu vya maana. Katika jarida Nature Chemical Biology, walieleza protini yenye asidi amino 68 tu, waliyoipa jina NoBody. Jeni yake, LINC01420, ilikuwa imeandikwa katika orodha za sayansi kama jeni isiyotoa protini.

Ili kuipata, walikusanya protini ndogo za seli, wakapima uzito wa vipande vyake kwa mashine, kisha wakavilinganisha na RNA zote za seli hiyo, si na orodha ya kawaida peke yake.

NoBody inafanya kazi karibu na RNA mjumbe, ambayo inaweza kufananishwa na boni ya depo. DNA inabaki ndani ya kiini cha seli kama kitabu cha mkubwa. Seli ikihitaji protini, inaandika boni, boni inatoka nje ya kiini, protini inatengenezwa, kisha boni inachanwa. Isipochanwa, bidhaa zitaendelea kutoka bila hesabu. Ikichanwa mapema mno, mteja anakosa.

RNA mjumbe ilitambuliwa mwaka 1961 na watafiti kadhaa, miongoni mwao Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini, na Mfaransa François Jacob. Tangu mwanzo ilionekana kwamba haidumu. Katika bakteria, nyingi zinaisha kwa dakika chache. Katika seli za mtu, kuna zinazodumu dakika na kuna zinazodumu saa nyingi.

Kinachoilinda ni kofia ya kemikali iliyo mwanzoni mwake. Protini inayoitwa DCP2 ikiivua kofia hiyo, nyingine, XRN1, inaitafuna RNA kuanzia upande uliobaki wazi. EDC4 inasaidia kazi ya kuvua kofia, na NoBody inashikamana na EDC4 hiyo.

Vyombo hivyo vya kubomoa hukutana katika vitone vidogo vinavyoitwa P-body. Watafiti wa Yale waliona kwamba NoBody ikiongezeka, vitone hivyo vinapungua, na ikipungua, vinaongezeka. Ndiyo asili ya jina lake. Kiasi cha RNA moja ambayo seli huibomoa kwa njia yake ya ukaguzi nacho kilibadilika.

Mambo haya hayabaki maabara. Wakati wa Covid-19, uvumi ulienea katika nchi nyingi kwamba chanjo za Pfizer na Moderna zingebaki mwilini milele na kubadilisha jeni. Chanjo hizo zilibeba RNA mjumbe. RNA hiyo haiingii ndani ya kiini ilimo DNA, na seli huibomoa kama zinavyobomoa boni zao zote. Udhaifu huo ndio uliolazimisha chanjo ya Pfizer kuhifadhiwa mwanzoni kwenye baridi ya karibu nyuzi 70 chini ya sifuri, mzigo mzito kwa hospitali zisizo na umeme wa kudumu.

Jambo la pili linahusu magonjwa. Daktari akitafuta kosa ndani ya jeni za mgonjwa, anategemea orodha. Sehemu iliyoandikwa kuwa haina protini ni rahisi kupitwa, hata kama kosa limo humo.

Orodha zenyewe zimeanza kufunguliwa. Mwaka 2022, kikundi cha kimataifa kilitangaza mifuatano 7 264 ya binadamu ambayo ilionekana kusomwa na mashine za seli zinazotengeneza protini, lakini haikuwa katika hesabu rasmi ya jeni za protini. Kusomwa peke yake hakutoshi: kila mmoja unapaswa kuthibitishwa kwamba unatoa protini inayodumu na yenye kazi, kama ilivyofanyika kwa NoBody.