Kisigino Kinachouma Asubuhi

Je, ukiamka asubuhi, hatua ya kwanza hukuchoma kisiginoni kama msumari? Ukitembea kidogo, maumivu hupungua. Jioni hurudi.

Mama mmoja alikuja zahanati yetu akichechemea. Alikuwa amechanjwa kisigino kwa wembe ili "damu mbaya" itoke. Kidonda kilijaa usaha. Alikosa kupalilia kwa majuma matatu kwa ajili ya wembe ule.

Damu haina kosa. Chini ya unyayo kuna ukano mpana, mgumu kama kamba, kutoka kisiginoni hadi vidoleni. Kusimama sana, kubeba mizigo na kutembea pekupeku mahali pagumu huuumiza. Usiku hukaza. Ukikanyaga chini, huvutwa ghafla.

Basi, kabla hujashuka kitandani, shika vidole vya mguu, uvivute kuelekea kwako. Hesabu hadi 30. Rudia mara 3. Mchana, ukiwa umekaa, viringisha gunzi chini ya unyayo. Vaa makatambuga yenye kitambaa laini kisiginoni. Punguza mizigo, kama wenzako nyumbani watakubali! Usikate tamaa, kupona huchukua miezi.

Lakini mguu ukivimba au ukifa ganzi, au kama una kisukari, njoo zahanati upimwe.